Samaki wa Duara na Simu Inayouliza Urefu

Naomba kwanza unisamehe. Mwandiko wangu unalala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na mvua, na kuna maneno ambayo mpaka leo sijui kama yanaandikwa kwa r au kwa l. Nilisoma hadi darasa la sita la msingi hapa Baraka, nikapata cheti, nikaishia hapo. Naandika polepole, kwa sababu kila sentensi naitamka kimya kwanza kabla ya kuiweka kwenye daftari. Lakini kuzungumza mbele ya watu kunanishinda zaidi kuliko kuandika, kwa hiyo nimechagua daftari.

Nataka kusimulia habari ya programu moja ya simu, sisi tunaita aplikasyo, ambayo ilikaribia kumpotezea shangazi yangu mteja wake mkubwa. Simu ilikuwa na makosa yake na nitayasema. Kosa kubwa lilikuwa langu, nalo nitalisema.

Shangazi ni dada ya baba. Nimeishi naye tangu nikiwa na miaka tisa. Kazi yake ni kukausha samaki kwa moshi, nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka ufukoni. Ana tanuri ya udongo yenye wavu wa chuma juu. Asubuhi mitumbwi inaporudi, ananunua mikebuka, wale samaki warefu wembamba wenye rangi ya fedha. Anapasua tumbo, anaosha, halafu anamkunja samaki. Anaushika mkia, anaupeleka hadi mdomoni, meno yanauuma, na samaki anakuwa duara kama kikuku. Alijifunza hivyo kwa mama yake, na wanawake wote wa kipande chetu cha ufuko wanafanya hivyo. Samaki wa duara havunjiki ukimgeuza juu ya moto. Ndani ya kitunga wanapangwa mmoja juu ya mwenzake kama sahani, na kitunga kinaweza kufungwa nyuma ya pikipiki hadi Lulimba kwa wachimba dhahabu, barabara nzima ya mashimo, na samaki wakafika wazima.

Kwa sababu hiyo kwetu hakuna anayesema samaki mrefu au mfupi. Tunasema samaki wa bakuli na samaki wa kikombe. Wa bakuli ni yule ambaye ukimweka juu ya bakuli anafunika mdomo wa bakuli. Wa kikombe ni mdogo, anafunika kikombe cha chai. Hicho ndicho kipimo, na kimetutosha.

Mteja mkubwa wa shangazi ni nyumba ya wageni iliyo kwenye barabara inayopanda kwenda Fizi. Wanalala hapo watu wa miradi, madereva, wakati mwingine wafanyabiashara. Kila Jumanne na kila Ijumaa tulipeleka kitunga kimoja. Kwa shangazi hilo lilikuwa jambo kubwa kwa sababu ya goti lake. Zamani alikuwa anapanda pikipiki hadi Lusenda mara tatu kwa juma, anatembeza kitunga kichwani ndani ya kambi ya wakimbizi, nyumba hadi nyumba, hadi samaki waishe. Mwaka juzi goti la kushoto likaanza kuvimba. Nyumba ya wageni ilipoanza kununua, akaacha Lusenda, na goti likapoa. Kumpoteza mteja yule kulikuwa na maana moja tu, kurudi Lusenda na goti lile.

Jumanne moja tulipofika na kitunga, msimamizi wa nyumba ile, tunayemwita mama jeran, alitukuta mlangoni mwa jiko. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa jambo asiloweza kulikataa.

“Mama,” alimwambia shangazi, “mi napenda samaki yako, unajua. Lakini bageni bameniletea sheria. Kila samaki inaingia mu jiko, simu iseme kwanza.”

“Simu iseme nini?”

“Iseme kama iko muzuri kununua ao kama iko inaisha mu ziwa. Ikiwa kijani, tunanunua. Manjano, tunaangalia. Nyekundu, hapana.”

Shangazi aliweka kitunga chini. “Simu yenyewe ilishakula samaki?”

“Haikulaka hata ndagala, mama. Lakini ndiyo inaamuru.”

Walicheka wote wawili, maana ndagala ndio samaki wadogo kuliko wote wa ziwa letu. Kisha mama jeran akasema hana muda wa kuuliza simu habari za kila samaki, kwa hiyo kila anayeuza alete jibu mwenyewe, na alitupa majuma mawili. “Uko na mutoto anajua kusoma,” alisema, akinionyesha kwa kidevu. Mimi niliangalia miguu yangu.

Simu yangu nilipewa na kaka yangu aliye Lulimba. Kioo kimepasuka kwenye kona lakini inafanya kazi. Kuingiza aplikasyo kulichukua asubuhi mbili. Nyumbani kwetu mtandao, au rezo kama tunavyosema, unakuja na kuondoka, kwa hiyo nilikwenda kusimama juu ya soko karibu na antene. Siku ya kwanza mega za intaneti ziliisha kabla haijamaliza. Siku ya pili ilimaliza, ikafunguka kwa Kifaransa. Kifaransa changu ni cha kusalimia na cha kuhesabu. Nilibonyeza kila mahali hadi nikapata Kiswahili.

Kilikuwa Kiswahili cha mbali. Orodha ilianza na samaki wa bahari: jodari, papa, changu, pweza. Sijawahi kumuona hata mmoja. Niliandika mukebuka, simu ikasema hakuna. Nikaandika mkebuka, hakuna. Mikebuka, hakuna. Nilishuka orodha yote hadi chini kabisa, nikakuta mlango mmoja mdogo umeandikwa Maji Baridi, na ndani yake ndiyo ziwa letu.

“Maji baridi?” shangazi aliuliza nilipomsomea. “Bakuje baweke mukono saa saba ya mchana.”

Humo samaki walikuwa na majina marefu ambayo hata mwalimu wangu asingeweza kuyatamka. Nilimtambua mkebuka kwa mchoro, kwa lile taya lake. Nikafurahi, nikambonyeza. Simu ikajibu: Ziwa limefungwa. Usinunue.

Ni kweli kwamba kuna wakati uvuvi unasimamishwa ili samaki wazae. Lakini wakati ule ulikuwa umekwisha pita. Nilikuwa nimekaa pale uani na mitumbwi naiona kwa macho yangu, watu wanashusha samaki, watoto wanaokota waliodondoka. Simu ilikuwa bado kwenye mwezi wa kufungwa. Nikapanda tena kwenye antene ili ipate habari mpya.

Baada ya hapo ikataka picha. Niliweka samaki wa duara juu ya sahani nyeupe, nikapiga. Ikafikiri muda mrefu, halafu ikaandika: Huyu anaweza kuwa mkunga. Sikujua mkunga ni nini. Nilibonyeza nikaona picha ya samaki wa bahari mwenye umbo la nyoka, amejikunja ndani ya mawe.

Shangazi alichukua simu akaiweka karibu na macho. “Nyoka? Mi nauzisha nyoka?”

“Inasema anaweza kuwa.”

“Hiyo simu ikuje hapa nione uso yake.”

Nilipiga tena. Ikasema mwanga hautoshi, na mimi nilikuwa nimesimama juani, jasho linanitoka. Nilipiga mara ya tatu, ikasema nipige picha ya samaki mbichi, mzima, amelazwa ubavu. Samaki mbichi mama jeran hanunui. Wageni wake wanataka wa moshi, ndani ya mchuzi wa mawese.

Nilikaa na simu ile siku nne. Mara nyingine ilizima yenyewe nikiwa katikati, na nilipoiwasha ilinirudisha kwenye jodari. Mwishowe niligundua kwamba unaweza kuacha picha. Unachagua mchoro wa samaki, unachagua ziwa, halafu unajibu swali moja: urefu kwa sentimita. Nilitoa rula yangu ya shule. Nilichukua samaki wa bakuli, mzuri kabisa, nikaweka rula juu ya duara kutoka ukingo huu hadi ukingo ule. Nikaandika namba.

Nyekundu. Chini yake iliandikwa: Mchanga mno. Hajazaa bado. Mrudishe majini.

“Nimurudishe mu maji?” shangazi alisema. “Na moshi yote hii?”

Nilipima samaki kumi. Kumi wote nyekundu. Shangazi aliwapanga tena ndani ya kitunga, mmoja mmoja, na kuwafunika kwa kitambaa.

Muda tuliopewa ulikuwa umefika. Nilimwonyesha mama jeran majibu ya simu kwa sababu ndiyo aliyoyaomba. Aliyaangalia, akapumua, akasema, “Mama, unisamehe. Juma hii nitatwaa kuku na sardine ya kopo.” Na kweli tulipokuwa tunatoka, makopo ya sardine yalikuwa yamepangwa dirishani.

Jumamosi asubuhi shangazi alipanda nyuma ya pikipiki na kitunga chake, akaenda Lusenda. Alirudi alasiri. Dereva alimshika mkono kumshusha. Alitembea hadi mlangoni akiweka mguu wa kushoto pembeni, kama mtu anayekanyaga mahali penye miiba. Nilimchemshia maji, nikaweka chumvi, nikamkanda goti kwa kitambaa. Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba kambini watu walimuuliza alikuwa amepotelea wapi. Jumatatu alikwenda tena, na Jumanne. Jumanne ile, siku ambayo zamani ilikuwa ya nyumba ya wageni, goti lilikuwa limejaa hadi halikunjiki.

Jumatano hakuweza kuchuchumaa mbele ya beseni. Akakaa kwenye kiti, akaniambia nikunje mimi.

Nilikuwa nimekunja samaki mara nyingi, lakini siku zote pembeni yake, huku nikiangalia vidole vyake. Siku ile nilikuwa peke yangu na beseni. Nilimchukua mkebuka wa kwanza, mbichi, akiteleza, nikamlaza ubavu kwenye ubao ili nimpasue. Rula ilikuwa bado pale kwenye ubao, nilikuwa nimeisahau tangu siku ile ya kupima. Samaki alikuwa amelala sambamba nayo, na mkia wake ulikuwa umeipita rula.

Nilibaki nimeshika kisu. Nilimkunja, nikaupitisha mkia mdomoni, nikaweka rula juu ya duara kama nilivyofanya siku ile. Hakufika hata nusu. Nikamkunjua. Akapita rula. Nikamkunja tena.

Simu ilikuwa imeuliza urefu, na mimi nikaipa upana wa duara. Nilidhani samaki ni vile ninavyomuona kila siku juu ya wavu. Hata mama jeran, ambaye amekula samaki wa duara tangu utoto, hakuona kitu.

Sikumwambia shangazi mara moja. Nilimaliza beseni zima kwanza, nikawapanga kwenye wavu, nikanawa mikono. Ndipo nikaja kusimama karibu na kiti chake.

“Shangazi, nilikosea.”

“Uliunguza?”

“Hapana. Nilipima duara. Simu inataka samaki amenyooka.”

Kicheko kikamshika, akacheka hadi akalishika goti kwa mikono miwili. “Kumbe tuliambia simu tunauzisha ndagala!” Alifuta macho. “Mutoto ya kaka yangu, utaniua.”

Nilitamani kucheka naye lakini nilikuwa nafikiria siku zile tatu za Lusenda.

Tulijaribu kumnyoosha samaki aliyekwisha kaushwa. Alivunjika vipande vitatu. Tukamla mchana na bugali. Basi nikachukua uzi wa nailoni, ule wanaotumia kushona nyavu. Niliushika kwenye pua ya samaki mwingine wa moshi, nikaupitisha juu ya mgongo wake ukifuata duara lote hadi mwisho wa mkia, halafu nikaulaza uzi kwenye rula. Samaki ambaye simu ilikuwa imemwita mchanga akawa wa kijani. Wa pili akawa wa manjano. Wa tatu, ambaye nilikuwa na hakika naye, akabaki nyekundu, amekosa kidogo tu.

Shangazi alimshika huyo wa tatu, akampima uzito kiganjani. “Huyu mi nilimununua mukubwa. Moto umemukula.”

Sikuwa nimefikiria hilo. Samaki anapokauka anapungua, kila mtu wa kazi hii anajua, lakini simu haiulizi kama samaki wako ni mbichi au wa moshi. Nilitaka kujua anapungua kiasi gani. Asubuhi iliyofuata nilichukua samaki watano wabichi. Kila mmoja nilimpimia uzi wake, nikafunga fundo mahali mkia unapoishia, nikatundika nyuzi kwenye msumari kwa mpangilio. Ili nisiwachanganye, nilikata alama kwenye pezi la kila mmoja, wa kwanza alama moja, wa tano alama tano. Walikaa kwenye moshi siku mbili. Nilipowapima tena, wote watano walikuwa wamekuwa wafupi, karibu upana wa vidole viwili.

Kwa hiyo kupima vizuri kulikuwa kupima pale ufukoni kabla ya kununua, samaki akiwa mbichi, mbele ya wavuvi. Hilo ndilo sikulipenda.

Nilikwenda na nyuzi zangu mdomoni kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi ya kushika samaki. Wavuvi walikuwa wanakunja nyavu. Wa kwanza kuniona alipaza sauti:

“Ee, fundi! Unashonea mukebuka suruali?”

“Mupimie na kiuno!” mwingine akasema.

“Mumuache, ule samaki anaolewa juma ijayo. Banamutafutia kitenge.”

Ufuko wote ulicheka. Masikio yaliniwaka. Nilitaka kuacha kila kitu pale mchangani nirudi nyumbani, lakini nilikuwa nimeshika samaki wa saba na nilikuwa naogopa kusahau hesabu. Nikaendelea kumwangalia samaki. Baada ya muda walichoka, isipokuwa mzee mmoja mwenye mtumbwi aliyekuja kuchuchumaa karibu yangu kuangalia. Aliushika uzi mmoja, akautazama, akaurudisha.

Siku ile ndipo niliona jambo ambalo sikutaka kuliona. Samaki wa bakuli walikuwa wazuri karibu wote. Wa kikombe hawakufika, hata wakiwa wabichi, hata nikivuta uzi. Simu haikukosea kuhusu hao. Walikuwa wachanga kweli.

Na kila kitunga cha shangazi kilikuwa nao. Chini wa bakuli, juu wa bakuli, na katikati wa kikombe. Wote wanaokausha samaki wanapanga hivyo. Sidhani kama kuna anayeona kuwa ni udanganyifu, ni namna ya kujaza kitunga.

Ijumaa ya juma lililofuata, asubuhi, tulikuwa tunapanga kitunga cha kurudi kwa mama jeran. Shangazi alikuwa kwenye kiti na mimi chini. Alinipa wa bakuli, nikapanga. Halafu akanipa wa kikombe.

“Hawa hawakufika,” nilisema.

“Utamuonyesha zile kubwa. Hizi ziko katikati.”

Nilimshika yule samaki bila kumweka.

“Simu iko na macho ya kuona ndani ya kitunga?” aliuliza.

“Haina.”

“Basi weka.”

“Shangazi, mama jeran akiniuliza kama nilipima zote, sitaweza kumujibu. Unanijua.”

“Atakuuliza nini? Atapika.”

“Akiniuliza.”

Alikasirika kidogo. Alisema, “We unanipimia ao unanishitaki?” Halafu akawa analisugua goti lake. Nilijua anachofikiria, kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiria hicho hicho. Bila wa kikombe kitunga hakijai. Kitunga kisichojaa, mama jeran anaweza kusema si kazi, akaendelea na kuku wake. Yule wa kikombe alikuwa bado mkononi mwangu.

Baada ya muda shangazi aliinama kutoka kwenye kiti, akachukua wa kikombe waliokuwa karibu naye, akawaweka upande kwenye beseni tupu. “Tuende kabla jua halijapanda,” alisema.

Kitunga kilijaa zaidi kidogo ya nusu.

Mama jeran alikuwa jikoni. Shangazi alisalimia, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, na kunisukuma mgongoni kwa vidole. Nilianza kueleza.

“Nyanyua sauti, mama,” mama jeran aliniambia, “mi siko mu tumbo yako.”

Nikaona kueleza hakutawezekana. Nilichukua samaki mmoja mbichi niliyekuwa nimembeba kwenye mfuko, nikamlaza juu ya meza yake, nikaweka rula. Kisha nikamkunja, mkia mdomoni, nikaweka rula tena juu ya duara. Nikamwangalia.

Mama jeran alitazama samaki, akatazama rula. Akamkunjua mwenyewe. Akamkunja. “Ee Mungu yangu,” alisema. “Na miaka yote hii nazikata vipande, sikuona urefu yake!”

Nikamwonyesha uzi na fundo, na jinsi fundo la mbichi linavyopita mkia wa samaki wa moshi. Alitaka kupima mwenyewe, akapima watatu. Tukatoka nje karibu na tanki la maji kwa sababu ndani ya jiko hakuna rezo. Simu ikazungusha kile kiduara chake. Tulisimama watu wawili na kioo kimoja, na shangazi mlangoni ameweka mkono juu ya goti. Ilizunguka muda mrefu sana, ikazima, nikaiwasha, ikaanza na jodari, nikashuka tena hadi chini. Kijani. Wa pili kijani. Wa tatu manjano.

Mama jeran alirudi jikoni, akaingiza mkono ndani ya kitunga, hadi katikati, akatoa samaki. Wa bakuli. Akatoa mwingine chini yake. Wa bakuli.

“Na zile dogo?” alimuuliza shangazi.

“Ziko nyumbani.”

“Mi nilikuwa naziona, unajua. Kila Jumanne.”

“Na hukusema?”

“Nitasema nini? Ziko tamu.”

Shangazi alicheka kwa pua. Mama jeran alisema atanunua hivyo hivyo, nusu kitunga au zaidi, ilimradi nilete nyuzi za wabichi pamoja na jibu la simu. Siku nyingine akikosa cha kutosha ataongeza kuku. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Ndivyo tunavyoendelea hadi sasa. Kuna Ijumaa tunapeleka kitunga karibu kizima, na kuna Jumanne tunapeleka samaki wachache ambao ningeweza kuwabeba kwa mkono mmoja. Shangazi bado anakwenda Lusenda, lakini mara moja kwa juma badala ya mara tatu, na mara nyingi ninakwenda naye nibebe mimi kitunga, yeye anauza akiwa amekaa. Goti halijapona. Halijajaa tena kama siku ile. Ufukoni amepunguza kununua wa kikombe. Jirani yetu anawanunua badala yake na kuwapeleka Lulimba, kwa hiyo sijui kama ziwa limepata faida yoyote kwa uzi wangu. Sitaki kusema jambo ambalo sijui.

Ndani ya aplikasyo ile kuna mahali pa kutoa maoni. Nilikaa asubuhi mbili nikiandika. Nilieleza kwamba waulize kama samaki ni mbichi au wa moshi. Niliomba waweke mchoro wa samaki wa duara, ili mtu mwingine asifanye kosa nililofanya. Niliomba waongeze jina mukebuka, kwa sababu ndilo jina ambalo mtu wa huku atatafuta kwanza. Sanduku lilikataa, likasema maneno ni mengi. Nikakata. Likakataa tena. Nikakata hadi ikabaki sentensi tatu, nikatuma. Jibu lilikuja saa ile ile, kwa Kifaransa, lina uso wa njano unaocheka: asante kwa maoni yako. Nilijua hakuna mtu aliyesoma. Nimesubiri miezi kadhaa. Aplikasyo imebadilishwa rangi tangu hapo, lakini swali la urefu ni lile lile na ukurasa wa kwanza ni jodari.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi. Kama unaishi kwenye ufuko mwingine wa ziwa hili, Uvira au Kalemie au ng'ambo, au hata kwenye ziwa lingine, niandikie. Niambie kama kwenu pia mnamkunja samaki, na mnampima kwa kitu gani. Niambie mkebuka anaitwaje kwenu. Kama na wewe ulipewa simu ikuchagulie samaki, niambie ilikujibu nini na ulifanya nini. Shangazi naye ana swali lake. Anasema moshi wa kuni za mwembe unampunguza samaki kuliko kuni nyingine, na mimi sijaweza kupima kwa sababu kwetu tunatumia mwembe peke yake. Kama mnatumia kuni nyingine, mpimeni samaki kwa uzi kabla na baada, mtuandikie imekuwaje. Nitajibu kila barua. Mnipe tu muda.